Unguja hadi Maskati: Urefu wa Uzi na Saa za Msafiri



Nimekuja na vitu viwili. Cha kwanza ni tufe hili la bati, tufe la skuli, ambalo nimefundishia jiografia miaka mingi hata rangi ya bahari imeanza kuchubuka. Cha pili ni uzi wa kushonea kofia, wa shubiri mbili hivi. Nimeombwa nizungumze juu ya safari za ndege, na nimeona nisizitaje zote. Nitashika moja, ambayo hapa mjini nyumba nyingi zina mtu aliyewahi kuifunga, au zina mtu anayesubiriwa kutoka huko. Ni safari ya kutoka uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume hapa Unguja hadi uwanja wa ndege wa Maskati, Oman.

Watu wakiuliza juu ya safari hii huuliza mambo mawili kwa pumzi moja: ni mbali kiasi gani, na ni saa ngapi? Nao hujibiwa kwa pumzi moja: kilomita 3,900, saa tano na ushei. Mimi nataka nizitenganishe namba hizi. Ya kwanza ni ya ardhi, na ilikuwa hiyohiyo kabla hapajakuwa na kiwanja wala ndege. Ya pili inatokana na upepo, na serikali, na mitambo, na watu, na imebadilika mara nyingi tangu babu zetu.

Tuanze na uzi. Ncha moja naibana kwa kidole hapa Unguja, kwenye digrii 6 na dakika 13 kusini ya ikweta. Ncha ya pili naibana Maskati, digrii 23 na dakika 36 kaskazini. Sasa nauvuta mpaka unakazika. Uzi ukikazwa juu ya tufe hutafuta wenyewe njia iliyo fupi kuliko zote, na njia hiyo ni sehemu ya duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia. Ramani ya ukutani haiwezi kukuonyesha jambo hili kwa uaminifu, kwa sababu imeuchukua mviringo ikaulaza chali. Ndiyo maana huwaambia wanafunzi wangu waweke ramani pembeni na washike uzi.

Kupata urefu wake hakuhitaji mashine. Mzunguko mzima wa dunia ni digrii 360, na uzi huu umefunika digrii 35 na kidogo. Kila digrii ina dakika 60, na mabaharia zamani walikubaliana kwamba dakika moja ya mzingo wa dunia ndiyo maili moja ya bahari, ambayo leo imewekwa kuwa mita 1,852 kamili. Zidisha 35 kwa 60, unapata maili 2,100 za bahari. Zidisha kwa mita 1,852, unafika karibu na kilomita 3,900. Wapimaji wakikumbuka kwamba dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake, wanapata tofauti ya zaidi ya kilomita kumi na hesabu ya dunia ya mviringo kamili. Ndiyo sababu vitabu viwili vinaweza kukupa namba mbili, navyo vyote visiwe vimekosea.

Lakini tazameni uzi unapita wapi, maana hapa ndipo mimi mwenyewe husimama kila mwaka ninapofundisha somo hili. Unatoka Unguja ukielekea kaskazini-mashariki. Kitu cha kwanza unachokutana nacho ni Pemba, tena unapita karibu kabisa juu ya Chake Chake. Kisha unashika bahari, ukiiacha Mombasa upande wa kushoto, ukiiacha Lamu upande wa kushoto. Unagusa pwani ya Somalia baada ya Kismayu, karibu na ikweta yenyewe. Unakata bara la Somalia, ukiiacha Mogadishu upande wa kulia, mpaka unatokea Ghuba ya Aden si mbali na Bosaso. Unavuka maji, unaingia Oman jirani na Salalah, na kilichobaki ni jangwa hadi Maskati.

Mzee yeyote aliyesikia habari za majahazi akiitazama njia hii ataijua. Pemba, Mombasa, Lamu, Banadir, Ras Hafun, Ras Asir, kisha pwani ya Uarabuni hadi Sur na Maskati: hiyo ilikuwa njia ya manahodha. Wao walizunguka pembe ya Afrika pale ambapo uzi unaikata kwa ndani, lakini mwelekeo ni uleule. Karne kwa karne, watu wasiokuwa na tufe la bati wala hesabu za duara kuu walikuwa wakisafiri kando ya mstari mfupi, kwa sababu pwani na upepo viliwapeleka humo.

Na wao muda waliuhesabu vipi? Jahazi likienda maili tano za bahari kwa saa, usiku na mchana bila kutua tanga, maili 2,100 ni saa 420, yaani siku kumi na saba na nusu. Hiyo ni hesabu ya ubaoni. Baharini kulikuwa na shwari, kulikuwa na kutia nanga kuchota maji, kulikuwa na biashara njiani, na wiki tatu hadi nne zilikuwa safari ya kawaida. Tena saa hizo hazikuanza kuhesabika siku nahodha alipotaka. Kaskazi, inayoanza kuvuma mwishoni mwa mwaka, ndiyo iliyoleta vyombo kutoka Uarabuni. Kusi, inayoanza mwezi wa Aprili, ndiyo iliyovirudisha, na ilipokuwa kali katikati ya mwaka bahari ilifungwa na vyombo vikavutwa pwani. Aliyechelewa kuondoka alikaa miezi. Wengi waliokaa hivyo walioa, wakazaa, na wajukuu wao baadhi yao wamo humu ukumbini jioni hii.

Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala pande zote mbili za uzi huu, aliijua safari hii kuliko mtawala mwingine yeyote, na ndani yake alifia. Mwaka 1856 alikuwa anarudi Unguja kutoka Oman katika meli yake iliyoitwa Victoria. Akafariki tarehe 19 Oktoba, karibu na Shelisheli. Angalieni Shelisheli iko wapi kwenye tufe: ni mbali sana mashariki ya mstari wetu. Mwezi wa Oktoba kaskazi haijashika vizuri, na chombo cha matanga kinachokuja kusini wakati huo hulazimika kutafuta upepo mbali. Watoto wake waliokuwa wakimsubiri Unguja hawakuwa na namna ya kujua yuko wapi wala atafika lini. Leo mtu akichelewa nusu saa tunapiga simu tatu.

Sasa tuje kwenye ndege. Ndege kubwa ya abiria, ikishafika kimo chake cha kilomita kumi au kumi na moja, huenda kiasi cha kilomita 850 kwa saa. Gawa 3,900 kwa 850, unapata saa nne na dakika thelathini na tano. Kwa nini basi tiketi ya ndege ya moja kwa moja inasema saa tano na zaidi?

Kwa sababu tiketi haihesabu muda wa kuruka peke yake. Saa ya shirika la ndege huanza pale ndege inapoachia maegesho yake, magurudumu yanapoanza kuzunguka, na husimama pale magurudumu yanaposimama mlangoni huko iendako. Ndani ya muda huo kuna kutambaa hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kuna kusubiri zamu, kuna kupanda ambako ndege huenda polepole kuliko ikiwa juu, kuna kushuka, kuna kuambiwa na mnara zunguka kidogo mwenzako atue kwanza. Tena mashirika huongeza dakika za akiba kwenye ratiba ili yasionekane kuchelewa. Kwa hiyo rubani akikutangazia kwamba mtafika dakika ishirini kabla ya wakati, pengine hakukimbia popote. Ametumia tu akiba iliyokwisha kuwekwa. Silaumu. Hata nahodha mwenye busara hakuwaahidi watu siku.

Juu ya hayo kuna upepo, nao bado una kauli. Hapa kuna jambo ambalo lilinishangaza nilipolisoma mara ya kwanza. Kusi tunayoijua sisi, ile inayotikisa minazi mwezi wa Julai, ni upepo wa chini. Ukifika pwani ya Kenya na Somalia hukusanyika ukawa mkondo wa kasi sana, na sehemu yake kali kabisa iko kiasi cha kilomita moja au moja na nusu tu juu ya bahari. Mwanasayansi wa hali ya hewa J. Findlater ndiye aliyeueleza kwa undani katika miaka ya 1960, na hadi leo wataalamu wanauita kwa jina lake. Lakini panda hadi kilomita kumi na nne au kumi na tano katika miezi hiyohiyo, unakuta mkondo mwingine ukivuma kutoka mashariki kwenda magharibi. Yaani katika msimu ambao jahazi lilisukumwa kwenda Maskati, ndege, ingawa huruka chini ya kiini cha mkondo huo, inaweza kupigwa na upepo wa mbele. Ndege ikikabiliwa na upepo wa kilomita 40 kwa saa safari nzima, inaongeza dakika kumi na tatu hivi. Ni kidogo ukilinganisha na wiki za jahazi, lakini dakika hizo ni mafuta, na mafuta ni uzito. Ndege inayokuja Unguja hubeba mafuta ya safari, na ya kuendea uwanja mwingine ikishindwa kutua, kama Dar es Salaam iliyo kilomita 73 tu kutoka hapa, na ya kuzunguka angani dakika thelathini zaidi.

Kisha kuna serikali. Uzi hauna mpaka, lakini anga ina wenyewe. Mstari wetu unapita juu ya Somalia kwa sehemu kubwa ya safari, na naomba mnivumilie nikae hapa kidogo, maana watu wanaovuka huko wamelala hawajui walichovuka.

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, anga yake ilibaki bila waongozaji wa nchi yenyewe. Baadaye kazi ilishikwa kutoka Nairobi, chini ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Lakini kupewa habari si sawa na kuongozwa. Katika anga ya namna hiyo marubani walitegemea masikio yao: kila mmoja alijitangaza kwenye redio, mimi ni ndege fulani, niko mahali fulani, kimo fulani, naelekea kaskazini, na wengine waliokuwa karibu wakasikiliza na kujipanga. Fikiria usiku wa manane, ndege zikikatizana, na sauti hizo tu ndizo zinazozitenganisha. Mwishoni mwa mwaka 2017 uongozaji ulirudishwa Mogadishu, na Januari 2023 anga hiyo ikarejeshewa daraja la A, maana yake mwongozaji aliye chini ndiye anayezipanga na kuzitenganisha ndege zote. Ilichukua zaidi ya miaka thelathini. Nchi ikivunjika, hata mawingu yake hukosa mwenyewe, na jirani aliye mbali anayetaka kupita tu kwenda kumwona ndugu yake hulipa sehemu ya gharama hiyo.

Nimesema serikali, upepo na mitambo. Waliobaki ni watu, na hapa nitawaeleza habari ya nyumbani kwetu.

Shangazi yangu ni mtu wa Wete, kisiwani Pemba. Binti yake ameolewa Oman, anakaa Ibra, mwendo wa gari wa saa mbili hivi kutoka Maskati. Alipojifungua mtoto wa kwanza, tukamkatia shangazi tiketi. Ilikuwa imeandikwa 03:00, Jumanne. Kijana wetu mmoja akaisoma, akamwambia: "Shangazi, ndege yako saa tatu, Jumanne." Shangazi akajua ni saa tatu asubuhi, kama ambavyo mtu yeyote aliyezaliwa na Kiswahili angejua. Tukafika uwanjani jua limekwisha toka, yeye ameshika mkoba wake wa ukili na kikapu cha halua na tende alizoandaliwa na majirani. Ndege ilikuwa imeondoka saa nyingi. Sitasahau namna alivyokaa kwenye kiti cha chuma, akaiweka ile tiketi juu ya goti, akainyoosha kwa viganja kama anayenyoosha kanga, akasema: "Mbona hapa pameandikwa tatu, mwanangu?"

Kosa lilikuwa letu sisi tuliosoma. Sisi tunahesabu saa kutoka machweo na macheo. Jua likishachomoza kwa saa moja ni saa moja. Tiketi zinahesabu kutoka usiku wa manane. 03:00 ni saa tisa usiku. Na siku nayo ina mtego wake. Kwa hesabu ya wazee, siku huingia magharibi, kwa hiyo saa tisa ya usiku ule ilikuwa usiku wa Jumanne, na hapo wazee na tiketi wanakubaliana vizuri kabisa. Vijana wetu siku hizi wanauita usiku huohuo Jumatatu usiku. Kwa hiyo katika nyumba moja, ndege moja inaweza kuwa na siku mbili na saa mbili.

Na bado kuna saa ya huko iendako. Oman iko mbele yetu kwa saa moja, na tiketi huandika muda wa kuondoka kwa saa ya hapa na wa kufika kwa saa ya huko. Chukueni ndege inayoondoka Unguja 03:00 na kusafiri saa tano na dakika 25. Itafika Maskati 09:25 kwa saa ya huko, na ukitoa moja kwa nyingine unaona saa sita na dakika 25. Safari ya kurudi ya urefu uleule itaonekana saa nne na dakika 25. Watu wengi wameniambia kwa yakini kwamba kurudi ni karibu kuliko kwenda. Hapana, uzi ni uleule.

Tulimkatia shangazi tiketi nyingine, na safari hii nilihesabu mwenyewe. Alitoka Wete saa kumi na moja na nusu alfajiri ya Jumatatu. Gari hadi Mkoani, kusubiri boti, boti hadi bandari ya Malindi, akafika Unguja saa saba mchana. Alipumzika kwangu. Saa sita usiku tulikuwa uwanjani, maana abiria wa safari za nje hutakiwa saa tatu kabla. Saa tisa usiku akaondoka. Maskati akapanga foleni ya uhamiaji, akasubiri mzigo wake, akapandishwa gari, na alipopiga simu kutoka Ibra kusema amembeba mjukuu, saa yangu hapa ilikuwa sita mchana ya Jumanne. Saa thelathini na nusu. Ndani yake, ndege ilichukua saa tano na dakika 25, chini ya sehemu moja ya tano.

Sasa rudini kwenye uzi. Nilisema unapita juu ya Chake Chake. Shangazi yangu alitoka Pemba akateremka kusini, akalala nusu siku Unguja, kisha akapandishwa ndege ambayo njia yake fupi, ndani ya robo saa hivi, ingemrudisha juu ya kisiwa alichotoka alfajiri ya jana yake. Kwake yeye, umbali kati ya viwanja viwili haukuwa umbali wa safari. Tunapoambiwa kwamba Unguja na Maskati ni saa tano, tukumbuke kwamba hizo ni saa za ndege. Wanaopanga usafiri wa visiwa hivi, wanaopanga ratiba za boti na barabara za kuingilia uwanjani na foleni za uhamiaji, wanazo mikononi mwao zile saa ishirini na tano nyingine. Injini haiwezi tena kupunguza mengi. Bandari ya Mkoani na kaunta ya uwanjani zinaweza.

Nanyi mliokuja kunisikiliza nina ombi moja, na si la serikali. Ukimkatia mzazi wako tiketi, usimpe ile karatasi peke yake. Chukua kalamu, uandike juu yake kwa herufi kubwa, kwa saa yetu: "Usiku wa kuamkia Jumanne, saa tisa usiku. Uwe uwanjani saa sita ya usiku huohuo." Kisha msomee kwa sauti, naye akurudishie mwenyewe kwa maneno yake, kabla hujamwacha.